Sanduku la Stanley na Simu Yangu

Kuna mchoro mmoja umekataa kutoka kichwani mwangu. Uko kwenye kitabu ambacho Henry Morton Stanley alitoa 1872 kueleza vile alimpata Livingstone. Kijana mmoja yuko ndani ya mto uliofurika, sanduku kichwani. Kwenye ukingo kuna mzungu amemwelekezea bastola. Huyo mzungu ndiye mwajiri wake.

Hadithi yenyewe ni hii. Machi 1872 Stanley aliagana na Livingstone karibu na Tabora, akaanza kurudi Bagamoyo. Ilikuwa masika, mito imejaa. Msafara wake ulikuwa na sanduku lenye barua na shajara ya Livingstone, na hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi wake kwamba kweli walionana. Bila hilo sanduku, Uingereza wangemwita mwongo. Na hata akiwa nalo, bado kuna wale hawakumwamini.

Wakafika mahali pabaya pa kuvuka. Wakakata mti, ukalalia ng'ambo, na wapagazi wakawa wanaukalia kama punda, wakisukuma mizigo mbele yao hadi upande wa pili. Polepole lakini salama. Sasa kijana mmoja, Stanley anamwandika Rojab, kwetu angekuwa Rajabu, akatwika lile sanduku kichwani na kuingia majini kwa miguu. Ghafla akakanyaga shimo. Yeye na sanduku, karibu wapotee.

Alipoibuka, bastola ilikuwa inamtazama. Stanley alimpigia kelele kwamba akiangusha sanduku atampiga risasi. Wenzake wakaacha kazi, wakabaki wanaangalia mtu mmoja akiwa katikati ya vifo viwili. Rajabu akajikokota hadi akatoka. Vitu vya ndani havikuwa vimeharibika, kwa hivyo hakuadhibiwa. Alionywa tu asiliguse tena, na likapewa pagazi mwingine, Maganga.

Haya yote ameandika Stanley mwenyewe, bila aibu hata kidogo. Anasema Rajabu aliingia mtoni kwa kiherehere. Labda ni kweli. Lakini Rajabu hakupewa kitabu cha kueleza upande wake, kwa hivyo tunachojua kuhusu siku hiyo tumeambiwa na mwenye bastola. Hiyo ikae kwa akili kila ukisoma historia ya misafara.

Sasa nikuambie kwa nini naandika hii.

Mwaka jana nilienda matembezi ya siku tatu upande wa Aberdare na kikundi cha watu nisiowajua vizuri. Siku ya pili mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tukapata kijito ambacho jana yake ungeruka tu, sai kimekuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa ya magoti. Kiongozi akasema twende, tumechelewa. Hakuna mtu aliuliza swali. Mimi ndio nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa narekodi. Begi limefungwa kifuani na kiunoni, simu mkono mmoja, mkono ule mwingine hauna kitu.

Katikati nikakanyaga jiwe linaloteleza. Begi likanivuta, maji yakanibeba, na jamaa mmoja akanidaka kwa kamba ya begi. Ilichukua sekunde chache. Baadaye nikaangalia ile video, na kitu kimoja kikaniumiza roho: wakati wote naanguka, mkono wa simu uko juu. Nililinda simu. Hakuna mtu alikuwa amenielekezea bastola, lakini nilifanya vile Rajabu alilazimishwa kufanya.

Ukiuliza watu wanaojua mito, watakuambia kanuni ya kwanza ni uwe tayari kuachilia mzigo. Kabla hujaingia, fungua mkanda wa kifua na wa kiuno, begi libaki mabegani tu. Ukianguka, livue liende. Begi lililofungwa vizuri linaweza kukugeuza uso chini na kukushikilia hapo. Sasa fikiria pagazi wa karne ya 19. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, hiyo ni zaidi ya kilo 30, mara nyingi kichwani au begani. Uzito wote uko juu, macho hayaoni miguu, na chini kuna mashimo. Alijua kabisa kwamba kitu cha kumwokoa ni kutupa ule mzigo. Na hicho ndicho kitu pekee alikuwa amekatazwa.

Sio ati hao watu hawakujua mito. Walijua kuliko mabosi wao. Kule Malagarasi, mto unaoingia Ziwa Tanganyika, Burton na Speke mwaka 1858, na Stanley 1871, wote walilipa wenyeji ndio wavushwe kwa mitumbwi. Bei ilikuwa vitambaa na shanga, na mabishano yalikuwa marefu. Wazungu wanalalamika kwenye vitabu vyao ati ni unyang'anyi. Mimi naona ni watu walioujua mto wao, na waliojua thamani ya huo ujuzi. Stanley alivuka kwa mtumbwi, punda wake wakaogeleshwa kwa kamba shingoni, na mmoja akakamatwa na mamba palepale. Huyo punda alikuwa anaitwa Simba. Jina halikumsaidia.

Halafu kuna msafara mwingine ambao unafaa kuwekwa kando ya ule wa Stanley. Livingstone alifariki 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo sai ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua wenyewe kupeleka mwili wake pwani. Walikuwa kama watu 60. Hakukuwa na mzungu wa kuwaamrisha. Wengi walipougua mapema njiani, walisimama wiki kadhaa hadi wakapata nguvu. Luapula, mto mkubwa, waliuvuka kwa mitumbwi. Walipofika Tabora wakakutana na afisa Mwingereza, Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo na mzigo wao.

Unaona tofauti? Njia ni zilezile ngumu, mito ni ileile, na wabebaji ni watu wa aina ileile. Lakini hapa anayebeba ndiye anayeamua lini kusimama, wapi kuvuka, na mzigo gani unastahili jasho lake.

Kwa bahati mbaya, historia yetu kubwa ya kubeba ilifuata njia ya Stanley. Kama umewahi kula nyama choma Kariokor, umekula ndani ya hiyo historia. Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam pia ni hiyo hiyo. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba chakula na risasi kumfuata Mjerumani hadi kusini mwa Tanganyika. Mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa ilifurisha bonde la Rufiji, barabara zikawa maziwa, na bado mizigo ilitakiwa ifike. Wengi waliuawa na malaria, kuhara damu, njaa na baridi kuliko risasi. Hesabu rasmi inapita vifo 40,000, na wanahistoria wengi wanaona ni zaidi ya hapo sana. Ile sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue, mmoja wao ni mbeba mizigo. Mimi nilipita hapo miaka nikidhani wote ni wanajeshi.

Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusimama ukingoni na kusema: "Leo hapana, tungoje maji yapungue."

Wewe unaweza, na ndiyo maana naandika hii. Kila mwisho wa wiki vijana wa Nairobi wanajaa matatu kwenda milimani na kwenye mabonde. Napenda hivyo sana. Lakini tukifika kwa mto tunajifanya kama tumebebeshwa sanduku la mtu. Tumeshalipa kwa M-Pesa, kwa hivyo lazima tufike. Kikundi kizima kimevuka, kwa hivyo nitaonekana mwoga. Gari linangoja saa kumi. Video haijaisha. Hizo zote ni bastola za kujielekezea wenyewe.

Na maji hayajali ratiba. Aprili 2012 vijana waliotoka na kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate. Septemba 2019, mahali palepale, watu saba wakafa kwa njia ileile. Maji ya korongo yanaweza kutoka kwa mvua iliyonyesha mbali, wewe juu yako ni jua tu. Kwa hivyo ukiona maji yamebadilika rangi, yanaleta vijiti na majani, au sauti imeongezeka, usiulize kiongozi. Panda juu.

Kwa mto wa kawaida, haya ndiyo nimejifunza baada ya ile aibu yangu. Tafuta mahali papana. Mto ukiwa mwembamba unakaa rahisi, lakini hapo ndipo maji yana kina na mbio. Mbio zikizidi mara mbili, nguvu inayokusukuma inazidi mara nne, kwa hivyo maji ya magoti yanaweza kuangusha mtu mzima. Angalia kwanza kule chini utakakopelekwa ukianguka: kama kuna maporomoko au miti iliyolala majini, hapo si pa kuvukia. Usivue viatu. Shika fimbo ndefu, elekeza uso kule maji yanatoka, na usogeze kitu kimoja kwa wakati mmoja, mguu au fimbo. Mkiwa wengi, shikaneni mabegani, mwenye nguvu awe juu ya mkondo. Usijifunge kamba mwilini, inaweza kukuzamisha. Ukibebwa, lala chali, miguu mbele, vua begi.

Na kama bado una wasiwasi, ngoja. Kijito cha mlimani kinachojazwa na mvua hushuka baada ya saa chache mvua ikikatika. Kile kijito changu tulikipita tena tukirudi jioni. Maji hayakufika hata kwa vifundo vya miguu. Tungekaa chini asubuhi ile, tule mandazi, tupige story, tungevuka tukicheka.

Rajabu alitoka mtoni akiwa hai, na kitu ambacho mwajiri wake alikagua kilikuwa sanduku. Kila nikifikia hapo, nakumbuka mkono wangu ukiwa juu. Sai nikifika ukingoni, simu inaingia mfukoni, mikanda inafunguliwa, na mimi ndio wa kwanza kuuliza kama kuna haja ya kuvuka leo. Wasee huniangalia vibaya. Sawa tu. Wazee wetu waliobebeshwa mizigo hawakupewa nafasi ya kuuliza hilo swali, na mimi siwezi kuwa nayo halafu niiache ipite na maji.