Profesa Miriam Were na Afya Inayoanzia Nyumbani

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilipoteremshwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa, binti mmoja wa Kakamega mwenye umri wa miaka 23 alikuwa mbali na nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wa William Penn College huko Oskaloosa, jimbo la Iowa, chuo kidogo cha Kanisa la Marafiki, lile lile tunalolijua kutoka Kaimosi. Mwaka uliofuata alipata shahada yake ya kwanza. Baadaye akarudi Afrika Mashariki. Jina lake ni Miriam Were.

Kila tunapoadhimisha uhuru tunawataja wapiganaji wa msituni na wanasiasa, na ni haki yao. Lakini Mzee Kenyatta aliliambia taifa changa kwamba lina maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Waliopambana na huyo wa tatu hatuwataji sana, hasa wanawake. Watoto wetu waliozaliwa hapa Marekani wanajua kwamba mama zao na shangazi zao ni wauguzi. Ni vyema wajue pia kwamba kazi hii ina historia kwetu.

Serikali mpya ilianza vita hivyo mapema. Mwaka 1965 iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wa kutwa katika vituo vya umma, na mwaka 1967 mafunzo ya udaktari yakaanzishwa Nairobi. Wakati huo Miriam Were alikuwa mwalimu. Amesimulia jinsi wanafunzi wake walivyokuwa wakiugua mara kwa mara kwa magonjwa yanayoweza kuzuilika. Aliona haina maana kumfundisha mtoto ambaye kila mara yuko kitandani. Akaacha chaki, akaingia darasani upya kama mwanafunzi, na mwaka 1973 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wengi walitarajia daktari akae hospitalini angojee wagonjwa. Yeye alirudi Kakamega. Katika miaka ya 1970, akiwa mhadhiri wa afya ya jamii, aliongoza mradi ambao haukuanza kwa kujenga jengo lolote. Ulianza kwa kuketi na wanakijiji na kuwauliza ni nini kinachowasumbua. Wanakijiji wenyewe wakachagua watu miongoni mwao wa kufunzwa, watu ambao jirani angewafungulia mlango bila wasiwasi. Waliofunzwa walizungumza na jamaa zao kuhusu choo cha shimo, maji safi, chanjo, lishe ya mtoto na kupanga uzazi. Msimamo wake, ambao ameurudia maisha yake yote, ni kwamba jambo lisipofanyika katika jamii, basi halijafanyika katika taifa.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uuguzi hapa, tulifundishwa somo la afya ya jamii kuanzia Azimio la Alma-Ata, ambalo mataifa yalilipitisha Septemba 1978 kwa ajili ya huduma ya afya ya msingi. Nilinakili kila kitu na kufaulu mtihani. Miaka kadhaa ilipita kabla sijasoma habari za Kakamega na kutambua kwamba kabla ya azimio hilo kutiwa saini, wanawake wa vijiji vya kwetu walikuwa tayari wanaitenda kazi yenyewe.

Profesa Were alikuja tena Marekani, akapata shahada ya uzamili na ya uzamivu katika afya ya umma Johns Hopkins. Aliwahi kuwa mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani nchini Ethiopia, akaongoza bodi ya Amref, na akawa mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Kudhibiti UKIMWI nchini Kenya. Katikati ya hayo yote alipata nafasi ya kuandika riwaya, ikiwemo The Eighth Wife. Mwaka 2008, mjini Yokohama, Japani ilimpa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, historia hii ina upande usiopendeza. Kwa miaka mingi wahudumu wa vijijini, ambao wengi wao ni wanawake, walifanya kazi hii kwa kujitolea. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alizunguka boma kwa boma na daftari lake, akiuliza nani ana mimba na mtoto wa nani hajachanjwa, kisha jioni akarudi shambani kwake kutafuta chakula. Alilipwa kwa shukrani tu. Mwaka 2023 ndipo serikali ilipozindua rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, simu, na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa shangazi, ilikuwa imechelewa.

Nami sitajificha. Profesa Were alisoma ugenini akarudi. Mimi nilisoma ugenini nikabaki, kama wengi wetu tutakaosoma jarida hili. Simhukumu mtu, kwa maana karo na dawa za nyumbani hulipwa na hii mishahara yetu. Lakini tunaweza kuanza na jambo dogo. Mkipiga simu nyumbani sikukuu hii, mkishamaliza salamu, waulizeni wazee ni nani hupita pale bomani na mkoba wa afya, na kama posho yake imefika. Kisha mwombeni mzungumze naye, na watoto wamsikie.