Roosevelt wawili, Mei 1909

Leo nilitaka kuweka msimbo pembeni niandike historia, lakini mtaona kompyuta imejipenyeza tu.

Hapa Gatuanyaga, asubuhi kabla joto halijapanda, Kilimambogo unauona wote. Mwezi Mei mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani Machi 4 mwaka huo huo, alikuwa mgeni katika nyanda hizi. Alifikia shamba la Juja la tajiri William Northrup McMillan, na aliwinda viboko kwenye mto ambao kitabu chake kinauita Rewero. Ndiyo Ruiru yetu hiyo.

Mwezi huo huo kulikuwa na Roosevelt mwingine aliyenaswa kwenye barafu kaskazini kabisa mwa Kanada, latitudo 82. Huyu alikuwa meli. SS Roosevelt iliteremshwa majini mwaka 1905 huko Maine, Marekani, kwa ajili ya Robert Peary, mtu aliyeitafuta Ncha ya Kaskazini kwa miaka mingi. Ilikuwa ya mbao, na sehemu nyingine za ubavu wake zilikuwa na unene wa karibu sentimita 75. Werevu wa waliyoiunda uko kwenye umbo: tumbo lake lilikuwa la mviringo, ili barafu ikiibana, meli inyanyuke juu badala ya kupondwa. Wahandisi walikubali kwamba barafu itashinda, wakachagua jinsi ya kushindwa. Mimi napenda sana usanifu wa namna hiyo.

Rais mwenyewe alipanda meli hiyo Julai 1908, karibu na nyumbani kwake Oyster Bay, kumuaga Peary. Mwaka uliofuata, mmoja akaenda kwenye barafu, mwingine akaja kwetu kwenye jua. Peary alidai kufika Nchani Aprili 6, 1909. Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 21. Simu ya Peary ikafika New York Septemba 6, na Roosevelt akakiandikia kitabu cha Peary utangulizi akiwa bado safarini Afrika. Mwisho wa utangulizi huo umeandikwa White Nile, Machi 12, 1910. Yaani sifa za Ncha ya Kaskazini ziliandikwa kando ya Nile!

Sasa kompyuta. Nilipakua kitabu cha Roosevelt kuhusu safari yake, kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha muda, nikaanza kukipekua kwa amri ya grep. Nilitaka majina ya watu waliobeba. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Walibeba hadi chumvi ya kuhifadhia ngozi, tani nne, na sanduku la aluminiamu lenye maktaba ya bwana mkubwa, ambalo peke yake lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Waliompa huduma kwa karibu wanatajwa: Muhamed na Bakari waliobeba bunduki, Ali na mwenzake aliyeitwa Bill waliohudumu hemani. Hao wengine wengi ni umati tu, unaimba, unacheka, unafunga hema. Mwandishi alilipwa na jarida la Scribner's dola 50,000.

Upande wa barafu hali haikuwa tofauti sana. Peary alimrudisha nahodha Bob Bartlett siku chache kabla ya mwisho. Waliobaki naye walikuwa Matthew Henson, Mmarekani mweusi, na Wainuit wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Henson ndiye aliyejua lugha ya Wainuit, kuongoza mbwa na kutengeneza sleji, na mara nyingi ndiye aliyetangulia. Lakini baada ya Bartlett kurudi, hakubaki mtu mwingine wa kupima jua kwa sekstanti na kuhakiki hesabu za Peary. Logi ikawa na mwandishi mmoja na hakuna mkaguzi. Mpaka leo wataalamu wengi wanatilia shaka kwamba walifika. Henson alirudi New York akafanya kazi ya ukarani forodhani, na Klabu ya Wagunduzi haikumpokea hadi mwaka 1937.

Siku hizi Nchani unafika kwa tiketi. Meli ya Kisovieti ya nguvu za nyuklia, Rossiya, ilipeleka watalii mwaka 1990. Septemba 6, 2021, miaka 112 kamili tangu siku ya simu ya Peary, ikafika meli ya kifahari ya Kifaransa, Le Commandant Charcot, yenye betri na injini za gesi asilia. GPS inasema 90, abiria wanapiga picha, hakuna wa kubisha. Biashara hii inajiita ya misafara, na ukiitazama vizuri ni safari ya Roosevelt iliyowekwa juu ya maji: wanasayansi wa kutoa mihadhara (yeye alikuja na wa Smithsonian), kampuni ya kupanga kila kitu (yake ilikuwa Newland, Tarlton ya Nairobi), waongozaji wenye bunduki, sasa ni kwa sababu ya dubu, na watu wengi wa kupika na kubeba ambao hawamo kwenye picha.

SS Roosevelt iliishia kutelekezwa kwenye matope ya Panama mwaka 1937. McMillan alifariki mwaka 1925 akazikwa Kilimambogo. Ukipanda utaona kaburi lake, la mkewe Lucie, na la Louise Decker, mtumishi wao, jina lake likiwepo kabisa.

Kwa hiyo nimefungua jedwali dogo la hifadhidata. Kwa sasa lina safu tatu: jina, kazi, kitabu kilipomtaja. Kama kwenu kuna simulizi ya guka au babu wa babu aliyebeba mzigo wa safari ile ya 1909, niandikieni jina lake, hata kama hamna tarehe. Nitaongeza safu ya nne, ya aliyesimulia.