Maji Yanayowarudisha Watu Mwezini

Kwa karne nyingi Mwezi ulikuwa taa ya usiku na kipimo cha siku. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliutumia kujua bamvua na maji mafu, na kwa kuandama kwake Waislamu walianza na kumaliza mfungo. Wachache tu walifikiri kuwa ni mahali. Mwishoni mwa 1609 Galileo Galilei aliuelekezea darubini, na mwaka uliofuata akachapisha alichokiona: milima, mabonde na vivuli vyake. Mwezi ukawa ardhi, na palipo na ardhi hapakosi wa kuitamani. Mnamo 1638 John Wilkins, kasisi wa Uingereza, aliandika kwamba huenda Mwezi una wakazi, na kwamba vizazi vijavyo vingeweza kupata njia ya kuufikia. Si ajabu kwamba wazo hilo lilitoka katika taifa lililokuwa tayari linaanzisha makoloni ng'ambo ya Atlantiki.

Njia yenyewe ilichelewa. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha hesabu za safari kwa roketi mwaka 1903, lakini roketi kubwa zilizaliwa katika Vita Kuu ya Pili, na silika ya vita haikuziacha. Septemba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 2, kiligonga uso wa Mwezi. Mwaka huohuo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikamilisha mpango ulioitwa Horizon, wa kujenga huko kituo cha askari 12 ifikapo 1966. Kwa hiyo miongoni mwa makazi ya kwanza ya Mwezini kuchorwa kwa makini ilikuwamo kambi ya jeshi.

Kambi hiyo haikujengwa. Kila dola kubwa iliogopa kutanguliwa na mwenzake, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, unaokataza taifa lolote kujitwalia Mwezi au kuweka kambi za kijeshi juu yake. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua. Kufikia Desemba 1972 Wamarekani 12 walikuwa wameukanyaga Mwezi na kurudi na kilo 382 za mawe na udongo. Kwa nini basi hawakubaki? Shindano lilikuwa limekwisha kwa ushindi, Vita vya Vietnam vilikula fedha, na tayari mwaka 1970 safari tatu zilikuwa zimefutwa. Lakini mawe nayo yalikuwa na neno lake: yalipopimwa, yalionekana makavu kabisa. Nchi isiyo na maji haihamiwi. Baada ya Luna 24 ya Kisovieti, Agosti 1976, hakuna chombo kilichotua taratibu Mwezini kwa miaka 37.

Katika ukimya huo wanasheria waliendelea na kazi. Mataifa yaliyotoka karibuni katika ukoloni yalijua vizuri maana ya kufika wa mwisho. Desemba 1976, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za Ikweta zilizotia saini Azimio la Bogotá, zikidai haki juu ya sehemu ya anga iliyo juu yao ambako setilaiti za mawasiliano huwekwa. Dai hilo halikukubaliwa. Mkataba wa Mwezi wa 1979 ulitangaza utajiri wa Mwezi kuwa urithi wa wanadamu wote. Ulianza kutumika mwaka 1984, lakini Marekani, Urusi na China hazikuuridhia. Wenye vyombo walikaa nje, waliobaki ndani hawakuwa na chombo.

Kilichogeuza mambo ni maji. Mhimili wa Mwezi umeinama kwa takriban digrii moja na nusu tu, hivyo katika ncha zake yamo mashimo ambayo sakafu zake hazijapigwa na jua kwa zaidi ya miaka bilioni, na baridi yake hushuka chini ya nyuzi 200 hasi. Barafu ikitua humo haiondoki. Mwaka 1994 chombo Clementine kilileta dokezo. Mwaka 1998 Lunar Prospector ikapima wingi wa haidrojeni kwenye ncha. Kisha, mwaka 2009, vifaa vya Chandrayaan-1 ya India vilitambua dalili za maji katika udongo, na tarehe 9 Oktoba Marekani ilidondosha kipande cha roketi ndani ya shimo la Cabeus, ncha ya kusini, na maji yakaonekana katika vumbi lililoruka. Barafu hiyo si ya kunywa tu. Ikitenganishwa hutoa oksijeni ya kuvuta na haidrojeni, navyo viwili pamoja ni mafuta ya roketi. Kila tone litakalopatikana huko ni mzigo usiohitaji kupandishwa kutoka duniani kwa gharama kubwa. Watu wa Lamu, wanaotegemea visima vya matuta ya Shela, hawahitaji kuelezwa kwa nini mji hufuata maji.

Nayo sheria ilifuata maji. Mwaka 2015 Marekani iliwapa raia wake haki ya kumiliki watakachochimba angani; Luxembourg ikafuata 2017, Umoja wa Falme za Kiarabu 2019, Japani 2021. Hoja yao ni kwamba ardhi haina mwenyewe, ila kilichotolewa ndani yake kina mwenyewe. Mwishoni mwa 2020 NASA iliandikiana na kampuni nne mikataba ya kununua udongo wa Mwezini ungali hukohuko. Moja kati yao ilidai dola moja tu. Thamani haikuwa katika udongo. Ilitafutwa desturi ya kuuza na kununua, ili kesho ihesabiwe sheria. Oktoba mwaka huohuo nchi nane zilitia saini Makubaliano ya Artemis, yanayoongozwa na Marekani, kuhusu kazi za Mwezini. Rwanda na Nigeria zilijiunga Desemba 2022, nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. China na Urusi zilitangaza kituo chao wenyewe mwaka 2021. Saudi Arabia, iliyokuwa imeuridhia mkataba wa 1979, ilitoa taarifa ya kujitoa mwanzoni mwa 2023.

Agosti mwaka huo Luna 25 ya Urusi ilianguka, na siku chache baadaye Chandrayaan-3 ikatua karibu zaidi na ncha ya kusini kuliko chombo chochote kabla yake. Juni 2024 Chang'e 6 ya China ilirudi na gramu 1,935 za udongo kutoka upande wa Mwezi usioonekana duniani. Bado hakuna aliyechimba hata glasi moja ya maji. Usiku wa huko huchukua majuma mawili, vumbi lake hukata kama vigae, na miinuko inayopata jua kwa sehemu kubwa ya mwaka, kama ukingo wa shimo la Shackleton, ni michache na midogo. Pande zote mbili, wa Artemis na wa China na Urusi, zinaitazama miinuko hiyohiyo. Makubaliano ya Artemis yanaruhusu kila anayefanya kazi kutangaza eneo la usalama kumzunguka, bila kuliita lake. Litadumu hadi kazi imalizike, lakini litakuwa na upana gani hasa, hayakusema.