SoHo: Mtaa wa Chuma

Kabla ya maduka ya nguo ghali, SoHo ya New York ilikuwa mahali pa jasho. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara walijenga hapo maghala yenye nyuso za chuma cha kusubu: vipande vilitoka kiwandani tayari, vikakazwa kwa bolti na kupakwa rangi vifanane na mawe. Nguzo zikawa nyembamba, madirisha mapana. Mwaka 1857 duka la vyombo la Haughwout lilifungiwa lifti ya abiria ya Elisha Otis, iliyoendeshwa kwa mvuke.

Miaka mia moja baadaye viwanda vilikuwa vikihama. Moto ulizuka mara kwa mara hata watu wa zimamoto wakauita mtaa huo Ekari Mia za Jahanamu. Juu ya hayo, Robert Moses, ofisa wa mipango ya jiji, alitaka kupitisha barabara kuu katikati yake. Nani angekarabati jengo linalosubiri kubomolewa? Kodi ya pango ikashuka, na waliofaidika ni wachoraji na wachongaji waliohitaji nafasi na mwanga. Kulala humo kulikatazwa, kwani eneo lilitengwa kwa viwanda. Kuanzia 1961 wachache waliruhusiwa, wakibandika mlangoni kibao chenye herufi A.I.R. (Artist in Residence, yaani msanii mkazi), ili moto ukizuka zimamoto wajue kuna mtu ndani. Wengi waliobaki waliishi kwa kujificha.

Mwaka 1967 msanii George Maciunas aliwakusanya wenzake wakanunua kwa ushirika jengo la 80 Wooster. Mwaka uliofuata mchongaji Donald Judd alinunua ghorofa tano za 101 Spring kwa dola 68,000, bei ambayo leo ni kichekesho. Mradi wa barabara ulizikwa 1969, baada ya upinzani ambao mwanaharakati Jane Jacobs alikuwa mstari wake wa mbele. Mwaka 1971 jiji likahalalisha makazi, ila kwa msanii mwenye cheti tu. Mwaka 1973 majengo yakawekwa chini ya hifadhi.

Hapo ndipo pesa zilipoingia. Mawakili na watu wa benki walinunua ghorofa zilezile bila cheti, na ukaguzi ulikuwa hafifu. Katika miaka ya 1990 wauza sanaa wengi walihamia mtaa wa Chelsea, jijini humohumo. Tawi la makumbusho ya Guggenheim lililofunguliwa SoHo 1992 lilipofungwa, Prada ikafungua duka katika jengo hilohilo.

Wanaowalaumu wasanii kwa kupandisha bei wanawaonea. Jiji liliwapa cheti cha kukaa, likaliachia soko bei ya nyumba.