Daktari wa Mathari na Somo la Kwanza la Saikolojia

Mwanafunzi anayeanza masomo ya saikolojia huja darasani akiwa tayari na hazina kubwa ya maarifa kuhusu watu. Anajua kwa nini mjomba wake alitopea katika ulevi, kwa nini watu wa kabila fulani ni wabahili, na kwa nini vijana wa siku hizi hawasikii la mkuu. Mwanafunzi wa fizikia haji na hazina ya namna hiyo kuhusu elektroni. Kwa sababu hiyo mwalimu wa saikolojia ana kazi mbili: kumfundisha mwanafunzi asichokijua, na kumfanya atilie shaka kile anachoamini kwamba anakijua. Kazi ya pili ndiyo ngumu.

Vitabu vingi vya kiada hulikabili jambo hili kwa kuorodhesha hatua za mbinu ya kisayansi: kuchunguza, kuunda nadharia tete, kupima, kuhitimisha. Mwanafunzi huzikariri hatua hizo, huziandika katika mtihani, kisha hurudi bwenini akaendelea kuamini yale yale. Mimi nimeona ni afadhali kuanza na kosa. Wala nisichague kosa la mjinga, bali la msomi; kosa lililochapishwa, likaheshimiwa, likatumiwa na serikali, na lililotuhusu sisi wenyewe. Kosa hilo lina historia, na historia hiyo inaanzia Nairobi.

Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910, wakati ambapo kumtibu mgonjwa wa akili na kumfungia vilikuwa karibu jambo moja. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa John Colin Carothers, tabibu aliyezaliwa Afrika Kusini na ambaye alikuwa ameitumikia idara ya tiba ya Kenya tangu mwaka 1929. Wakati anaikabidhiwa hakuwa na mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili, aliyapata baadaye. Kutokana na kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa, alichapisha mwaka 1947 makala marefu katika jarida la kitabibu la Uingereza, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi.

Hoja zake kwa ufupi zilikuwa hizi. Wendawazimu miongoni mwa Waafrika ni wachache kuliko miongoni mwa Wazungu, na wenye sonona ni wachache zaidi. Sababu, alisema, ni kwamba Mwafrika aishiye katika jamii yake ya asili habebi mzigo wa uamuzi binafsi wala hajilaumu, kwa kuwa mila humwamulia. Katika makala ya mwaka 1951 alikwenda mbele zaidi, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, na kudai kwamba sehemu hiyo ya ubongo wa Mwafrika haifanyi kazi ipasavyo. Ni haki kuongeza kwamba Carothers aliweka uzito mkubwa katika malezi na utamaduni, tofauti na baadhi ya waliomtangulia Kenya, ambao walidai moja kwa moja kwamba kasoro imo katika nasaba. Msomaji wa wakati ule angeweza kumwona kuwa mtu wa wastani, na ndiyo maana anafaa kusomwa darasani.

Ninapolifundisha somo hili, kwanza huficha jina, mwaka na nchi. Huandika ubaoni: katika hospitali ya magonjwa ya akili ya nchi fulani, kwa miaka kadhaa, waliolazwa kwa sonona walikuwa wachache mno, tueleze kwa nini. Mikono huinuka kwa wingi. Mmoja husema nchi hiyo ina ukoo wenye nguvu, hivyo mtu haachwi peke yake. Mwingine husema watu wake wana imani. Wa tatu husema maisha ya shamba hayana msongo. Maelezo hayo yote yanavutia, na yote yanafanana kwa jambo moja: yanaeleza kitu ambacho bado hakijathibitishwa kuwapo. Ni nadra mtu kuuliza swali la kwanza kabisa, yaani: ni nani aliyehesabiwa?

Mathari ilikuwa hospitali moja kwa koloni zima. Aliyefika pale, kwa kawaida, alikuwa amepigana, amechoma nyumba, ametembea uchi sokoni, au kwa namna nyingine amewashinda jamaa zake na kuwagusa polisi, mahakama au ofisi ya mkuu wa wilaya. Mama aliyekaa pembeni mwa jiko miezi minne bila kusema, asiyekula, anayejiona hana faida duniani, hakumsumbua askari yeyote. Huyo alibaki nyumbani, au alipelekwa kwa mganga. Kwa hiyo daftari la Mathari halikuwa hesabu ya maradhi ya Waafrika. Lilikuwa hesabu ya watu walioisumbua serikali. Ni sawa na mkuu wa wilaya anayewahesabu waliofika ofisini kwake kulalamikia njaa, kisha akaandika katika ripoti kwamba vijiji vya mbali, ambako hakutoka mtu, vina chakula cha kutosha.

Swali la pili ni hili: wamelinganishwa na nani? Takwimu za Mathari ziliwekwa kando ya takwimu za Uingereza na Marekani, nchi zilizokuwa na vitanda vingi, madaktari wengi na sheria nyingine za kuwalaza wagonjwa. Idadi ya waliolazwa hutegemea pia idadi ya vitanda. Kosa hili halikuanza na Carothers. Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha vipimo vya ubongo wa wenyeji wa Kenya waliofia hospitalini Nairobi, akavilinganisha na vipimo vya Wazungu vilivyochukuliwa na watu wengine, mahali pengine. Maiti za maskini waliokufa kwa maradhi zikawekwa kuwa kielelezo cha taifa zima lililo hai, na wakereketwa wa nadharia za nasaba wakashangilia.

Swali la tatu: ni maelezo gani mengine yanayoweza kuuleza ushahidi huo huo? Carothers hakupasua ubongo wowote ili kuthibitisha kwamba sehemu yake ya mbele imelala. Aliitazama tabia, akaidhania sababu, kisha akaitumia sababu hiyo kuifafanua tabia. Aidha, tabia yenyewe aliitazama akiwa nani? Alikuwa bwana mkubwa wa Kizungu, mwenye funguo za hospitali, akizungumza na watu waliofungiwa, mara nyingi kwa msaada wa mkalimani. Mtu aliyefungwa akijibu kwa maneno machache, huenda akili yake ni fupi. Huenda pia ana akili ya kutosha kujua kwamba maneno mengi yatamponza.

Swali la nne ndilo linalotenganisha sayansi na dhana: ni ushahidi gani, kama ungepatikana, ungemfanya mtafiti akiri kwamba amekosea? Hapa historia inatoka hospitalini na kuingia msituni. Mwezi Oktoba mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Mwaka 1954 Carothers aliombwa na serikali hiyo aandike juu ya saikolojia ya Mau Mau, na ripoti yake ikachapishwa na mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi. Mwafrika yule yule aliyeelezwa kuwa hana mzigo wa fikra sasa alielezwa kuwa ana wasiwasi mkubwa, kwa kuwa ameng'olewa katika mila zake na hajapokelewa katika ustaarabu mpya. Akitulia, utulivu wake ni dalili. Akiasi, uasi wake ni dalili. Nadharia isiyoweza kushindwa na tukio lolote haijatuambia lolote kuhusu tukio hilo.

Wakati huo huo palikuwapo maelezo ya wazi, yaliyosemwa kwa miaka mingi na Waafrika wenyewe katika mikutano, barua na mashauri: ardhi iliyochukuliwa, maskwota waliofukuzwa mashambani, kipande shingoni, ujira duni. Maelezo hayo yangeweza kupimwa kwa kuuliza ni nani waliojiunga, wametoka wapi, na wamepoteza nini. Lakini kuyakubali kungeidai serikali irudishe kitu. Maelezo ya kisaikolojia hayakudai irudishe chochote; yalidai mgonjwa atibiwe. Ripoti iliunga mkono kuwakusanya watu katika vijiji vipya, na kati ya miaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa maeneo ya Wakikuyu na majirani zao walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa.

Hapa sharti nami niitii kanuni ninayoifundisha. Sisemi kwamba ripoti ya Carothers ndiyo iliyosababisha vijiji hivyo. Majenerali walikuwa na sababu zao za kivita, na sera ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kutumika Malaya. Ninachoweza kusema ni kwamba ripoti iliipa sera hiyo vazi la kitabibu. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Na yule aliyeagiza ngoma hii alikuwa na haja nayo.

Ninapofunua jina na mwaka, darasa hubadilika. Wale wale walioeleza kwa ufasaha kwa nini sonona ni adimu katika nchi ile sasa husema kwamba yote ni uongo wa mkoloni. Huwauliza: kuna ushahidi gani mpya tangu dakika kumi zilizopita? Hakuna, kilichobadilika ni jina. Kumwamini mtu kwa sababu ni daktari na kumkataa kwa sababu ni mkoloni ni njia mbili za kukwepa kazi ile ile. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimshambulia Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, na alikuwa na haki kuonyesha nadharia hizo zilimtumikia nani. Lakini kujua dai linamtumikia nani hakutoshi kuonyesha kwamba ni la uongo. Ilibidi mtu aende kuhesabu.

Na watu walikwenda. Margaret Field aliwatafuta wagonjwa katika mahekalu ya tambiko ya mashambani Ghana, mahali ambapo watu walikwenda wenyewe na shida zao, na kitabu chake cha mwaka 1960 kinaeleza wanawake wengi wenye sonona waliojilaumu hata kujiita wachawi. Yaani lile hasa ambalo lilidaiwa kuwa halipo. Nchini Nigeria Thomas Adeoye Lambo, akishirikiana na Alexander Leighton wa Marekani, alipeleka utafiti vijijini kwa Wayoruba, na matokeo ya mwaka 1963 yakaonyesha dalili za sonona miongoni mwa watu ambao hawakuwa wamelazwa popote. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, ambako sonona haikuwa pungufu kuliko ile iliyopimwa kwa wanawake wa Camberwell, London, bali iliizidi. Hawa nao waulizwe maswali yale yale manne. Dodoso lililobuniwa Uingereza na kutafsiriwa kwa Kiganda linapima nini hasa? Mwanafunzi anayeuliza hivyo juu ya utafiti unaompendeza ameanza kuelewa.

Msomaji aliye ofisini asidhani kwamba haya ni ya wanafunzi peke yao. Bado tunasoma ripoti zinazohesabu waliofika katika vituo vya afya na kuhitimisha juu ya taifa zima. Zinazohesabu kesi zilizofika polisi na kutangaza kwamba ukatili wa majumbani umepungua. Bado tunasikia viongozi wakieleza ukosefu wa ajira kwa uvivu wa vijana, na migomo ya wanafunzi kwa utovu wa maadili, kama vile karo, mikopo na mishahara si mambo ya kuchunguzwa. Anayeeleza malalamiko ya watu kwa kasoro ya nafsi zao anapaswa kwanza kuthibitisha kwamba ameyasikiliza malalamiko yenyewe.

Kwa hiyo mtihani wangu wa kwanza hauulizi maana ya sayansi. Humpa mwanafunzi aya moja ya gazeti yenye takwimu anayoelekea kukubaliana nayo, na humtaka aandike: ni nani aliyehesabiwa, amelinganishwa na nani, ni maelezo gani mengine yapo, na ni kitu gani kingenifanya nibadili mawazo. Wengi hujibu vizuri matatu ya kwanza. La nne huliacha wazi, na hapo ndipo tunapoanzia wiki ya pili.