Kutoka Wigan hadi Paris: Shaun Edwards na ukuta wa raga

Mei 1996 klabu ya Wigan iliingia Twickenham, makao makuu ya raga ya wachezaji 15, kushiriki mashindano ya Middlesex Sevens, raga ya wachezaji saba kila upande kama ile ya Safari Sevens ya Nairobi. Ilitwaa kombe kwa kuwafunga Wasps 38–15 kwenye fainali. Siku chache kabla yake, mjini Manchester, Wigan hao hao walikuwa wamewacharaza Bath 82–6 kwa sheria za raga ya wachezaji 13. Mwisho wa mwezi Bath wakalipiza, 44–19, kwa sheria za 15. Miaka miwili tu nyuma, mechi hizo zisingewezekana. Mchezaji aliyelipwa kucheza raga ya 13 alipigwa marufuku kugusa mpira wa upande wa pili maisha yake yote.

Chanzo cha uhasama huo kilikuwa mshahara. Kaskazini mwa Uingereza raga ilichezwa na wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba, watu waliofanya kazi hata Jumamosi. Aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wa siku. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia. Mabwana waliouongoza mchezo huo, wengi wao wakiwa wamesoma shule za matajiri, wakakataa katakata. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu hizo zilijitenga, Wigan ikiwamo. Kufikia 1906 zilikuwa zimepunguza wachezaji hadi 13 ili uwanja upumue. Kwa karne nzima, waliovuka ukuta walivuka kuelekea upande mmoja: nyota wa Wales, kama Jonathan Davies, walikwenda kaskazini kufuata pesa, na nyumbani mlango ukafungwa nyuma yao.

Shaun Edwards alizaliwa Wigan mwaka 1966. Baba yake, Jackie, alichezea Warrington hadi jeraha la uti wa mgongo likamaliza uchezaji wake. Kijana alikuwa na kipaji cha kuwa nahodha wa timu za shule za England katika michezo yote miwili, lakini siku alipotimiza miaka 17 alisaini Wigan kwa pauni 35,000. Kabla hajafikisha 18 alikuwa amecheza fainali ya Kombe la Challenge la raga ya 13 kwenye uwanja wa Wembley, na kushindwa na Widnes.

Yaliyofuata ni vigumu kuyaeleza bila kuonekana unatia chumvi. Wigan walilichukua kombe hilo miaka minane mfululizo, 1988 hadi 1995, na Edwards, mpangaji wa mashambulizi mwenye jezi namba 7, alicheza mechi 43 za kombe hilo bila timu yake kushindwa. Mwaka 1990, mapema katika fainali dhidi ya Warrington, alivunjika mfupa wa shavu na wa tundu la jicho. Alicheza hadi mwisho, na Wigan wakashinda 36–14. Wapo wanaousimulia mkasa huo kama ushujaa. Mimi nauona pia kuwa ushahidi wa jinsi mchezo wa zama hizo ulivyothamini mwili wa mchezaji. Wala hakuwa malaika: 1994, akiwa nahodha wa Great Britain dhidi ya Australia, alitolewa kwa kumkaba mpinzani juu ya mabega, na wenzake 12 waliobaki wakashinda 8–4.

Agosti 1995 raga ya 15 iliruhusu malipo, na ukuta ukaanguka. Wengi walitarajia kwamba wachezaji ndio wangenunuliwa. Kumbe bidhaa iliyotafutwa zaidi ilikuwa maarifa ya ulinzi. Katika raga ya 13 timu inayoshambulia huangushwa mara sita kabla ya kupoteza mpira, na kila mara walinzi hurudi nyuma mita kumi, wajipange, watoke tena kwa pamoja. Ni darasa lisilo na mapumziko. Raga ya 15 ilikuwa na skramu na vita vya kugombea mpira chini, lakini somo la kusimama mstari mmoja haikuwa nalo. England ilipotwaa Kombe la Dunia 2003, kocha wake wa ulinzi alikuwa Phil Larder, mtu wa raga ya 13.

Mwaka 2001 Edwards alijiunga kama kocha na Wasps, timu ileile iliyofungwa na Wigan Twickenham. Akishirikiana na kocha mwenzake Warren Gatland, aliwafundisha walinzi kupanda kwa kasi na kumnyima mshambuliaji nafasi ya kufikiri. Wasps walitwaa ubingwa wa Uingereza 2003, 2004, 2005 na 2008, na wa Ulaya 2004 na 2007. Mwaka 2008 wawili hao waliichukua Wales, na katika Mashindano ya Mataifa Sita ikashinda mechi zote tano ikiruhusu trai mbili tu. Ilirudia ushindi kamili 2012 na 2019.

Mwaka 2018 Wigan walitangaza kwamba angerudi kuwa kocha mkuu. Baadaye yeye akasema hakuwa amesaini chochote, na akaenda Ufaransa, tena kama kocha wa ulinzi. Mwaka 2022 Ufaransa ilishinda mechi zote za Mataifa Sita kwa mara ya kwanza tangu 2010.

Mwaka uliofuata, Dublin, Ireland iliifunga Ufaransa 32–19. Kocha mkuu wa Ireland alikuwa Andy Farrell, mtoto mwingine wa Wigan, aliyeanza kucheza katika kikosi ambacho Edwards alikuwa tayari mkongwe wake.