Mfungwa wa Saratov na Maduara Yake

Mnamo Novemba 1812, jeshi la Napoleon lilipokuwa likirudi nyuma kutoka Moscow, Luteni Jean-Victor Poncelet, mzaliwa wa Metz, Ufaransa, aliachwa uwanjani Krasnoi akidhaniwa amekufa. Warusi walimteka, wakamtembeza katika baridi kali hadi Saratov, kando ya mto Volga, alikofika Machi 1813.

Kitabu hakuwa nacho hata kimoja. Akaanza kukumbuka jiometria aliyofundishwa Paris, kisha akavuka mpaka wa walimu wake.

Chora duara dogo ndani ya duara kubwa. Tuseme umepata pembetatu moja ambayo kona zake zote zakaa juu ya duara kubwa, na pande zake zote zagusa lile dogo. Basi anzia nukta nyingine yoyote ya duara kubwa: pembetatu itajifunga tena, daima. Kama ya kwanza haikujifunga, hakuna itakayojifunga. Kwa pembetatu jambo hili lilikuwa limeonekana kabla yake. Poncelet alilithibitisha kwa maumbo yenye pande nyingi kadiri upendavyo.

Aliachiliwa Juni 1814. Mwaka 1821, pamoja na Charles Brianchon, alionyesha kwamba duara moja hupita katikati ya pande tatu za pembetatu, na mahali vimo vyake vitatu vinapotua, na katika nukta tatu nyingine: jumla tisa. Kitabu chake kikuu kilitoka 1822. Madaftari ya kifungoni, hata hivyo, yalingoja hadi 1862 ndipo yakaanza kuchapwa, mwenyewe akiwa amepita miaka 70.